Jinsi ya Kuivika Pikipiki Ngozi ya Mpira Bila Kuiaibisha

Kila kijiwe cha bodaboda kina pikipiki moja inayobadilisha nguo kuliko mwenye nayo. Boxer iliyotoka dukani nyekundu, leo ina madigadi meusi, mwezi ujao rimu za kijani, na sikukuu ikifika imegeuka ya dhahabu. Wazee hucheka, lakini mimi niko upande wa vijana. Mtu anayekalia chombo kuanzia alfajiri hadi usiku, mvua yake na jua lake, ana haki ya kutaka kipendeze.

Shida ni rangi yenyewe. Rangi ya kawaida ya kopo ikishapigwa, imepigwa. Kuitoa ni msasa, thina, na fundi anayekuambia "njoo kesho" hadi mwezi unaisha. Tena pikipiki nyingi za kijiweni si mali ya wanaoziendesha: nyingine ni za tajiri anayesubiri hesabu yake jioni, nyingine ni za mkataba ambao bado una miezi. Kupiga rangi ya kudumu kwenye chombo cha mtu ni kutafuta ugomvi kwa pesa yako mwenyewe.

Ndiyo maana naipenda rangi ya mpira ya kubandua. Unaipuliza kutoka kwenye kopo, inakauka ikawa utando wa mpira, na siku ukiichoka unaivuta kwa vidole inatoka, chini yake rangi ya kiwandani iko vilevile ulivyoiacha. Maarufu kuliko zote ni Plasti Dip ya Marekani. Ilianza mwaka 1972 kama dawa ya kuchovyea mishikio ya plaizi isiteleze mkononi. Wapenzi wa magari na pikipiki waliigeuza vazi baadaye. Na kwa kuwa naipenda, inaniuma kuiona imepulizwa ovyo, imeninginia pembeni ya madigadi ikipepea na upepo.

Kabla hujatoa pesa mfukoni, shika jambo moja, maana mwongozo wote umetoka humo: utando huu unajishika wenyewe kwa nguvu kuliko unavyoishika pikipiki. Ndiyo maana ukivuta ncha moja, nyingine inafuata. Ukiupiga mwembamba, unakatika. Ukiuachia upenyo pembeni, unanyanyuka kabla hujataka. Ukiukutanisha na kitu kinachouyeyusha, unayeyuka. Kazi yako ni kuhakikisha unatoka siku uliyoamua wewe.

Nunua kopo lenyewe

Kwenye duka la vipuri makopo ya spree hufanana yote: kifuniko cha rangi, na maneno madogo yanayotaka miwani. Yasome hivyo hivyo. Kuna makopo ya aina mbili yanayojisifu kuwa na mpira, na muuzaji mwenye haraka atakupa lolote. La kwanza ndilo la kubandua. La pili ni la dawa inayopulizwa chini ya gari kuzuia kutu na kokoto: nayo nyeusi, nayo ya mpira, lakini ilitengenezwa ikae hapo hadi gari life. Ukiipuliza kwenye kava la pikipiki ya mkataba, hesabu umelinunua kava hilo. Kopo lisiposema waziwazi kwamba rangi yake hubanduka, liache rafuni.

Kisha pima mfuko na tamaa. Kopo la kawaida la Plasti Dip lina gramu 311, na wanaovika rimu za magari hutenga kopo moja kwa kila rimu, kwa sababu utando mzuri unakula rangi. Anayenunua kopo moja akitegemea rimu mbili, madigadi na makava yote, atarudi nyumbani na ukungu. Anza na sehemu moja uishibishe. Pikipiki yenye madigadi ya mbele yaliyovikwa vizuri inapendeza kuliko pikipiki nzima iliyopulizwa nusunusu.

Pa kuvika na pa kuacha

Sehemu bora ni ngumu, laini, isiyopata joto wala kukanyagwa: madigadi, makava ya pembeni, migongo ya vioo, kreshigadi, rimu za aloi. Kromu nayo huupokea utando na kuuachia kwa raha. Plastiki yenye chengachenga, ile nyeusi ambayo haikupakwa rangi kiwandani, hung'ang'ania. Jaribu kwanza upande usioonekana.

Sasa marufuku, kila moja na sababu yake.

Injini na bomba la moshi. Utando huu huvumilia joto hadi nyuzi 93 hivi za Selsiasi. Injini ya Boxer au TVS hupozwa na upepo, na kichwa cha silinda hupita nyuzi 100 bila taabu ukipanda kilima na mishikaki ya abiria nyuma. Bomba linapotokea kwenye injini joto lake ni la mamia. Mpira utaungua, utanuka, kisha utaganda hapo, usibanduke tena. Tena yale mapezi ya injini yamewekwa ili kutoa joto. Ukiyavika mpira, unaivalisha injini koti la baridi saa saba mchana. Bomba lenye kutu lina rangi yake ya kuhimili joto, na hiyo haibanduki wala haijifanyi kubanduka.

Diski za breki, ngoma, pedi na cheni. Breki hushika kwa msuguano. Utando wa mpira kati ya pedi na diski utaukumbuka siku daladala imesimama ghafla mbele yako. Ukivika rimu, ziba diski yote kwa karatasi na tepu, usiridhike na kuikinga kwa mkono.

Kashata za tairi, peda, kikanyagio cha breki, kiki na mishikio. Miguu, mikono na barabara huviondoa vazi kabla wiki haijaisha, na likianza kubanduka vitateleza.

Taa, indiketa, viakisi mwanga, kibao cha namba na namba ya chesisi. Vitu hivi vipo ili vionekane. Hata vumbi la rangi lililopeperuka usiliache kwenye kibao. Askari wa usalama barabarani hatasubiri umweleze kwamba inabanduka.

Siti. Rangi ya mpira ikiingia kwenye nyuzi za kitambaa inashikana nazo, haitoki tena. Kwa siti kuna mafundi wa kava, nao wanahitaji kula.

Spoku. Kuzipuliza ni rahisi. Kuzibandua moja baada ya nyingine, rimu mbili, ni kazi ya mtu aliyekosa abiria tangu asubuhi. Kama rimu zako ni za spoku, vika ukingo wa rimu peke yake.

Sasa tangi. Najua roho za vijana zipo hapo, na hapo ndipo ninapowasihi. Chukua muda uelewe kwa nini. Tabaka jipya la rangi hii likipulizwa juu ya la zamani huliyeyusha kidogo, yakaungana kuwa kitu kimoja. Hiyo ndiyo siri ya utando unaobanduka mzima. Viyeyusho vinavyofanya kazi hiyo ni ndugu wa petroli. Basi petroli nayo ikidondoka juu ya utando huulainisha vilevile, isipokuwa haiachi mpira mpya. Inaacha doa lenye mikunjo. Bodaboda haijazi tangi mara moja kwa wiki. Huweka mafuta kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku, na kila bomba la sheli likichomolewa linaacha tone. Kama huwezi kumsimamia kila mhudumu wa sheli ukiwa na kitambaa mkononi, tangi liache na rangi yake. Wenye pikipiki za umeme, zinazozidi kuonekana Nairobi na Kigali, hawana tone la kuogopa.

Kuna na suala la kadi. Kadi ya pikipiki ina mahali pa kuandika rangi. Madigadi na rimu havileti maneno, lakini ukivika tangi na makava yote mpaka nyekundu imekuwa nyeusi, kadi na chombo havisemi tena kitu kimoja. Ulizia utaratibu TRA kwa walio Tanzania, au NTSA kwa walio Kenya, kabla hujaulizwa wewe barabarani. Na kama pikipiki ni ya tajiri, mwambie. Mwambie inabanduka, mwonyeshe kipande ulichojaribia. Ruhusa hiyo haina bei, na usipoiomba utailipia.

Osha mpaka jirani aulize kama unauza

Sehemu kubwa ya kazi hii haihusiani na rangi. Utando unahitaji kukaa juu ya chombo, na juu ya pikipiki ya kijiweni kuna mengi kabla ya kufika kwenye chombo: vumbi, grisi ya cheni, matope ya juzi, na ile dawa ya kung'arisha ambayo vijana wa kuosha huipaka ili uondoke ukitabasamu. Dawa hiyo, hasa yenye silikoni, ndiyo adui mkubwa. Haionekani, na mpira hauwezi kushika juu yake hata kidogo. Utaona rangi inakimbia, inaacha vitundu vidogo vyenye duara.

Fungua sehemu unayotaka kuivika. Makava ya pembeni na madigadi hutoka kwa skrubu na bolti chache, na kitu kilichowekwa juu ya kigoda hupulizwa vizuri kuliko kilicho kwenye pikipiki. Osha kwa sabuni ya unga na brashi, ndani na nje, hasa kwenye kingo. Suuza. Kausha. Kisha futa kwa spiriti na kitambaa kisichotoa manyoya, mara mbili, mpaka kitambaa kitoke kama kilivyoingia. Baada ya hapo usishike kwa mkono mtupu. Vidole vina mafuta.

Msasa uuache kwenye sanduku. Fundi wa rangi ya kawaida hukwaruza ili rangi ipate pa kushika. Wewe unataka kinyume chake, na mikwaruzo utakayoiweka leo ndiyo utakayoikuta siku ya kubandua.

Angalia na kilicho chini. Kutu ikifunikwa na mpira haifi. Inaendelea na kazi gizani, hasa Tanga, Dar es Salaam, Mombasa na Unguja ambako hewa ina chumvi. Maji yakipenya ukingoni yanakaa humo humo yakiila kromu, nawe unaisifu rangi. Itibu kutu kwanza. Na kama pikipiki iliwahi kupigwa rangi ya haraka mahali pasipo praima, jua kwamba siku ya kubandua rangi hiyo inaweza kutoka pamoja na mpira.

Chagua siku, chagua mahali

Rangi hii haipendi unyevu. Ikipulizwa hewa ikiwa nzito kwa maji, huota weupe kama ukungu juu yake. Kwa watu wa pwani, masika ya Machi hadi Mei ni msimu wa kununua makopo na kuyaweka. Juni hadi Septemba, hewa ikiwa kavu na jua halijawa kali, ndio msimu wa kuyafungua.

Panga siku nzima. Fanya hesabu: matabaka matano, kila moja lisubiri dakika 30, kisha saa nne za kukauka. Ukianza tabaka la kwanza saa nne asubuhi umande ukishaondoka, la tano unalipiga saa sita mchana, na saa kumi jioni ndipo unaweza kufunga skrubu. Hiyo ni siku isiyo na hesabu ya tajiri, basi ichague ukiwa na akiba. Kazi iliyokatizwa na simu ya abiria huonekana mwaka mzima.

Kivuli chenye hewa ndicho chumba chako cha rangi. Jua kali hukausha rangi ikiwa hewani, ikatua kama mchanga. Upepo huipeleka kwenye kanga za jirani. Nyunyiza maji chini mapema kidogo ili vumbi litulie.

Na hili nalisema kwa msisitizo wote: usipulize ndani ya chumba. Mvuke wa kopo hili unawaka, ni mzito kuliko hewa, na hutambaa sakafuni ukitafuta moto. Nyumba zetu nyingi za kupanga zina jiko la mkaa kwenye korido au jiko la gesi kwenye kona. Sogea mbali na moto wowote, sigara ikiwemo, na mbali na watoto. Barakoa ya hospitali huzuia matone, haizuii mvuke. Tafuta ile ya mafundi yenye kichujio cha kemikali. Ukisikia kichwa chepesi, umeshavuta kiasi kisichofaa. Ondoka hapo upate hewa safi. Makopo usiyaache juani, wala matupu usiyatupe kwenye moto wa taka.

Puliza kwa subira

Tikisa kopo dakika moja nzima baada ya kusikia gololi ikigonga ndani. Dakika nzima ni ndefu kuliko unavyodhani, tazama saa. Ziba usichotaka kuvika kwa tepu ya karatasi na gazeti. Kwa rimu iliyo na tairi, chomeka karata za kuchezea kati ya ukingo wa rimu na mpira wa tairi, zikizunguka duara lote. Waulize kwanza wanaocheza.

Simama umbali wa sentimita 15 hadi 20. Anza kupuliza nje ya kipande, pita juu yake, malizia nje yake, mkono ukienda bila kusita. Ukisimama mahali pamoja utapata mchirizi, na mchirizi wa mpira haupanguswi.

Tabaka la kwanza liwe ukungu. Rangi ya zamani ionekane karibu nusu. Hapa ndipo wengi hushindwa kujizuia: wanaona haijafunika, wanarudia hapo hapo, inatiririka. Iache. Tabaka hili kazi yake ni kuwapa pa kushika yanayofuata. La pili liongeze kidogo. Kuanzia la tatu puliza liwe na umajimaji, uso ung'ae ukiwa mbichi kisha utulie. Kingo zipe rangi zaidi, na uzungushe hadi upande wa nyuma, maana utando huanza kunyanyuka pembeni na huanza kubanduliwa pembeni.

Nenda hadi matabaka matano, na zaidi ukiweza. Atakuja mtu wa kijiweni aseme mawili yanatosha kwa kuwa rangi imeshafunika. Kwa macho ni kweli. Lakini unene haukusudii macho. Unakusudia siku ya kubandua. Utando mwembamba hukatika vipande vidogo vidogo kama kucha, utabaki unaukwangua wikiendi nzima, na tajiri amesimama nyuma yako.

Tepu itoe tabaka la mwisho likiwa bado bichi. Ukingoja likauke, tepu inaondoka na mpira, maana mpira umeshajishika na uliopanda juu ya tepu. Ukimaliza, geuza kopo kichwa chini na ubonyeze mpaka itoke hewa tupu; tundu litabaki safi kwa siku nyingine.

Iishi na wewe

Siku chache za mwanzo usioshe. Baadaye osha kwa mkono, sabuni ya kawaida na sponji. Mashine ya maji ya kasi ikielekezwa kwenye ukingo kwa karibu, itafanya kwa sekunde moja kazi uliyoipanga kwa mwaka ujao. Mwambie kijana wa kuosha asogee nyuma, na asipake dawa ya kung'arisha.

Utapata na abiria mwenye kucha. Foleni ikikaza, atagundua ukingo wa kreshigadi, ataugusa, ataukwangua, na mtakapofika Kariakoo ameshatoa kipande. Mwombe kwa adabu aache. Pakichubuka, usihuzunike, kwa kuwa hapa rangi hii huishinda ya kawaida: pasafishe, puliza matabaka mawili matatu juu yake, jipya litaungana na la zamani. Usipopaziba mapema, vumbi na maji vitaingia chini na ukingo wote utanyanyuka.

Watengenezaji wa Plasti Dip huahidi miaka mitatu nje kabla ya kuhitaji kuongezwa. Pikipiki inayoegeshwa juani kutwa, inayolala nje na kupita kwenye vumbi, usiidai miaka hiyo. Ikianza kupauka na kukakamaa, fanya uamuzi: iongeze au ivue.

Ivue kwa heshima

Anza ukingoni. Sugua kwa kidole gumba mpaka ncha inyanyuke, au tumia kijiti cha meno. Wembe na bisibisi viweke mbali, la sivyo utarudisha pikipiki ya mtu ikiwa na rangi yake na michoro yako. Ncha ikishapatikana, vuta polepole, utando ukiulaza ujikunje nyuma, huku mkono mwingine ukisaidia kwenye kona. Kipindi cha jua la wastani ni kizuri, kwa kuwa mpira ukipata joto kidogo hulainika.

Ukikuta unakatika kila mahali, umelipia ubahili wa matabaka. Bado kuna tiba: puliza matabaka mengine mazito juu ya yaliyopo, yaache yakauke kabisa, kisha uvute tena. Jipya litalishika la zamani na kutoka nalo. Mabaki sugu kwenye mapengo huyeyuka kwa kitambaa chenye WD-40. Thina usiiguse, maana itakula na rangi ya kiwandani.

Mpira uliobanduliwa usiuchome, moshi wake ni sumu. Utupe na taka nyingine. Lakini kabla ya kuutupa, utandaze chini uusome. Palipokatika ndipo mkono wako ulipita haraka. Palipong'ang'ania palikuwa na mikwaruzo au plastiki ya chengachenga. Palipokuwa pameshanyanyuka penyewe palikuwa na grisi au dawa ya kung'arisha. Hakuna fundi atakayekueleza makosa yako waziwazi kuliko kipande hicho. Rekebisha, rudia kwenye sehemu nyingine, na siku utakapoyavua madigadi yote kwa mvuto mmoja, utando mzima mkononi, unaweza kuchukua kazi za wenzako kijiweni, na una haki ya kuwatoza.